Punda Anachechemea, Nawe Wajificha

Mdogo wangu wa Mwea, kabla hujaendelea na majibu haya, toka nje ukamfungue huyo punda kwenye mkokoteni. Mpe maji safi, msimamishe kivulini mahali pakavu, halafu rudi tuketi tuzungumze. Mpunga wa watu utabebwa na mwingine leo.

Barua yako ni ndefu na nimeisoma yote. Umeeleza pesa za chama na jinsi ulivyozipata, ukaeleza yule muuzaji na maneno yake matamu, ukaeleza hata rangi uliyoupaka mkokoteni. Mguu wa punda umeupa mstari mmoja tu, tena umeuchomeka karibu na salamu za mwisho: kwamba asubuhi anachechemea kidogo, lakini akishapata moto kazini anasahau. Nakujua, wewe. Hicho "kidogo" ndicho kilichokunyima usingizi mpaka ukashika kalamu.

Basi nisikilize. Hakuna punda anayesahau mguu wake. Maumivu mengine ya viungo na kano hupungua mnyama anapokuwa mwendoni, jioni akipoa yanarudi yote, na kesho yake yanaongezeka. Kila safari unayompigisha hivi sasa unaichukua kutoka miaka yake ya mbele. Punda aliyetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 30 na zaidi. Huyu wako bado kijana, una kazi ya miaka mingi mikononi mwako, nawe unataka kuimaliza kabla ya mavuno ya msimu huu.

Sikukaripii kwa ubaya. Aibu naielewa. Mtu ukinunua mnyama kwa pesa za kukopa, ukapita naye sokoni kichwa juu, watu wakakupongeza, halafu wiki chache baadaye anaanza kuinua mguu, unajiona umeumbuliwa mbele ya kijiji kizima. Unamtoa alfajiri kabla majirani hawajaamka. Unamfunga nyuma ya nyumba. Ukiulizwa, unasema alikanyaga jiwe. Jambo hili limewapata wengi kabla yako, wakiwemo wazee waliozaliwa katikati ya mifugo, na wala si ujinga. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mnyama wa kununuliwa hakosi jambo ambalo hukuambiwa. Kosa si kununua. Kosa linaanza siku unapoona na kunyamaza, maana mficha ugonjwa kifo humuumbua.

Na shida yako ni kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu hapo nyumbani mnaficha wawili. Punda naye ni fundi wa kuficha. Ukoo wake umetoka kwa punda mwitu wa nchi kavu za huku kwetu Afrika, na binadamu amekuwa akimfuga kwa miaka kama 7,000. Lakini ile tabia ya nyikani hajaiacha: huko, mnyama aliyeonyesha udhaifu ndiye aliyerukiwa kwanza. Kwa hiyo punda hula huku anaumwa, hutembea huku anaumwa, na wewe unamtazama unasema mzima. Akifika mahali pa kuchechemea waziwazi, ujue amekwisha kuvumilia mengi. Hapo ndipo mtu hupita akasema punda ni mkaidi, mchape. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! Ukimwona amesimama katikati ya njia hataki kusogea, kabla ya kukata fimbo tazama miguu.

Haya, tuutazame mguu wenyewe.

Mtembeze kwa kamba, bila haraka, mahali pagumu na tambarare, mwenzako amshike nawe usimame kando. Usimkaze kamba, mwache kichwa kiwe huru, kwa sababu kichwa ndicho kitakachokuambia. Mguu wa mbele ukiwa ndio mbovu, kichwa huinuka kila unapokanyaga chini, kisha hushuka ule mzima unapokanyaga. Ukiwa wa nyuma, tazama nyonga: upande mmoja utapanda na kushuka kuliko mwingine. Kisha mshike miguu yote minne kwa mgongo wa kiganja, kutoka goti kwenda chini, ukilinganisha. Umoto kwenye ukwato mmoja, na mshipa unaopiga kwa nguvu nyuma ya kifundo cha mguu huohuo, mara nyingi ni dalili kwamba ndani kuna jambo. Ila usimpime akitoka juani, utadanganyika, maana jua nalo huchemsha kwato.

Mwinue mguu. Kama hajazoea kuinuliwa, kuwa mpole, mpapase kuanzia begani ukishuka, asishtuke akakupiga teke, ukaanza kusema asante ya punda ni mateke. Safisha uchafu wote chini ya ukwato. Utaona katikati pana sehemu laini yenye umbo la pembetatu. Inuse. Ndiyo, inuse, usikunje uso. Ikinuka uvundo na kutoa uchafu mweusi, imeanza kuoza. Tafuta msumari, kipande cha chupa, mwiba, kijiwe kilichojikita. Ukikuta msumari umezama, usiuvute kwa papara. Daktari akiwa karibu, afadhali aukute mahali pake aone umeelekea wapi. Lakini kama hawezi kufika upesi, na kila hatua inauzamisha zaidi, utoe, ukiweka alama palipokuwa na tundu, na ukumbuke ulikwenda kwa kina gani na kwa mwelekeo upi.

Umesema alitoka upande wa Narok. Hapo nikaguna. Mnyama aliyekulia kwenye nchi kavu yenye mawe, kwato zake zilikuwa zikijisaga zenyewe kwa kutembea. Umemleta Mwea, kwenye majaruba, anashinda tope na kulala tope. Ukwato wa punda unanyonya maji kuliko wa farasi. Tazama kucha zako siku ya kufua mablanketi zinavyolainika, ndipo ufikirie kucha inayobeba mwili mzima na gunia juu yake. Ukwato uliolainika hupasuka, uchafu hupenya, na ndani hutunga jipu. Jipu la ukwato ndilo humfanya punda aliyelala mzima aamke hataki kabisa kukanyaga, mpaka mwenyewe anaapa kwamba mguu umevunjika. Likifunguliwa na mtu anayejua, usaha ukatoka, wengi hupata nafuu ndani ya siku chache. Ni jambo linalotibika. Lakini likiachwa litapanda ndani kwa ndani na kutokea juu, pale nywele zinapokutana na ukwato, au litaingia kwenye mfupa, na hapo tena usiniulize gharama.

Sasa umri. Muuzaji alikuambia ana miaka mitano. Ulimfungua mdomo? Nasikia ukimya. Mfungue leo, umwombe mzee anayejua akushikie. Meno ya mbele ya utotoni ni madogo na meupe, ya ukubwani ni makubwa na marefu zaidi. Jozi ya katikati hubadilika akiwa na miaka kama miwili na nusu, jozi inayofuata kwenye mitatu na nusu, na ya pembeni kwenye minne na nusu hivi. Miaka mitano ikitimia, yote ya mbele yawe ya ukubwani. Ukikuta mawili makubwa tu katikati, na pembeni yake vimeno vya utotoni, basi mdogo wangu, umeuziwa mtoto. Ncha za mifupa yake hazijakomaa, na uti wa mgongo ndio wa mwisho kabisa kukamilika. Mnyama wa miaka mitatu unaweza kuanza kumfundisha taratibu, azoee matandiko na kelele za njia. Kazi ya mizigo ingoje miaka minne, na hata hapo uanze kidogo kidogo. Wewe ulimtia kwenye mkokoteni kesho yake baada ya kumnunua, na unashangaa anachechemea!

Nisiwasahau ninyi ambao bado mnadunduliza pesa za kununua. Msinunue punda aliyesimama. Mwambieni muuzaji amtembeze, amgeuze kushoto na kulia, juu ya changarawe. Inueni miguu yote. Tazameni kama kuna makovu ya kamba kwenye vifundo, maana wengine husafirishwa wamefungwa miguu, wamebanwa kwenye lori, wanashuka wameumia. Kama mnaweza, rudini kesho yake mumtazame tena, kwa sababu dawa ya maumivu ikidungwa asubuhi inaweza kuuficha mguu mbovu mpaka jioni. Muuzaji akianza kuwaharakisha kwamba kuna mteja mwingine anakuja, mwacheni huyo mteja mwingine amchukue.

Turudi kwako. Yapo mambo utakayoshauriwa wiki hii na watu wanaokupenda kweli, nami nakukataza yote. Usimchome mguu kwa chuma cha moto eti kutoa maumivu. Utaongeza kidonda juu ya ugonjwa. Usimpake oili chafu ya gari. Usichokonoe ukwato kwa kisu cha jikoni wala panga kutafuta usaha. Usimpe vidonge vyako vya maumivu vya dukani, wala usimdunge sindano iliyobaki ya ng'ombe wa jirani, kwa kuwa mwili wa punda hauchukui dawa kama ng'ombe, na hata kipimo cha farasi si chake kila mara. Na hata dawa sahihi ikimwondolea maumivu, hujapewa ruhusa ya kumrudisha kazini. Asiposikia maumivu ataukanyagia ule mguu kwa nguvu zote na kumalizia kuuharibu.

Mwite daktari wa mifugo, au msaidizi wake aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, usimwite mtu mwenye mkoba na sindano tu. Uliza kwenye ofisi ya mifugo ya kaunti, watakuelekeza. Wenzako wa Lamu, ambako punda ndiye lori na ndiye teksi, walifunguliwa zahanati ya punda tangu 1987 na Elisabeth Svendsen, mama wa Kiingereza aliyeanzisha shirika la kutunza punda kwao. Wewe huna bahati hiyo mlangoni, lakini kuuliza si ujinga. Daktari akifika, mwambie ukweli wote: lini alianza, amebeba nini, umempaka nini. Usianze kumficha na yeye pia. Mkumbushe habari ya pepopunda, maana jamii ya punda na farasi huugua pepopunda upesi mno, na tundu dogo la msumari lililochafuliwa na udongo wa zizi linatosha. Kuna chanjo. Mwulize.

Akisema ni jipu na akilifungua, kazi itakayobaki ni yako. Mara nyingi utaambiwa uuloweke mguu kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu yenye chumvi, uukaushe, uufunge usiingie uchafu, na umweke pakavu. Neno pakavu nitalirudia mpaka ulichoke. Tandika mabua ya mpunga, inua sakafu ya banda kwa changarawe, chimba mfereji maji yapite kando. Kisha mtafute mtu wa kupunguza kwato, awe anakuja kila baada ya wiki 6 hadi 10. Ukwato uliorefuka humfanya mnyama akanyage upande, na ukikanyaga upande unavuta kano. Watu wengi hununua dawa mara kumi kabla ya kumlipa mpunguza kwato mara moja, nami sijapata kuelewa hesabu hiyo.

Akisema ni kano au kiungo, jiandae kusubiri miezi. Nasema mapema usije ukalia mbele ya daktari.

Kuna jambo moja nataka ulishike kuliko yote, na ukisahau mengine nitakusamehe. Mwangalie anapokula. Punda anayeacha kula, kwa maumivu au kwa huzuni, mwili wake huanza kumwaga mafuta kwenye damu, nayo humwua ndani ya siku chache, hasa akiwa mnene au mwenye mimba. Kwa hiyo siku ukimwona amegeuzia majani kisogo, kichwa chini, masikio yamelala, usiseme nitangoja nione kesho. Mpigie daktari siku hiyohiyo. Na usije kwa huruma ukamjazia pumba na mahindi anono upesi. Chakula kikali kupita kiasi humletea ugonjwa mwingine wa kwato, ule unaomfanya asimame ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameitanguliza. Nyasi kavu na mabua, maji safi, na chumvi ya kulamba vinamtosha akiwa mapumzikoni.

Nikaona pia umeandika kwamba usiku analia. Huyo amevunjika moyo, mdogo wangu. Punda hushikamana na mwenzake mmoja kwa mapenzi mazito, na siku ulipomnunua huenda ulimtenganisha naye pale sokoni bila kujua. Ameletwa ugenini, kwenye tope, amefungwa kazi ngumu, mguu unamwuma, na hana wa kumsogelea. Kama jirani ana punda, omba walishwe pamoja mchana. Kama hakuna, hata mbuzi ni afadhali kuliko upweke. Na wewe mwenyewe shinda naye kidogo, msugue shingo, umzoeshe kuinua miguu wakati hakuna maumivu wala haraka. Utakapomhitaji atulie mbele ya daktari, atatulia.

Sasa tuje kwa pesa, maana najua umesoma yote haya huku ukipiga hesabu. Yule kijana anayepita akikuambia umuuzie huyo punda mgonjwa, yeye ana mahali pa kumpeleka, mfungie mlango. Biashara ya ngozi za punda imemaliza mifugo ya watu, imelea wezi, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Sitaki jina lako liingie huko. Na usimsukumie mtu mwingine sokoni ukimficha mguu, ukamtenda kama ulivyotendwa. Ukitaka kumrudia muuzaji, mrudie, ukiwa na karatasi ya daktari mkononi na shahidi aliyekuwepo siku ya kununua. Akikurudishia sehemu ya pesa, vizuri. Akikutolea macho, ondoka. Usimpe nafasi ya kukufanya umtese punda ili kumkomoa yeye. Na ujue sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, haitamwuliza muuzaji siku utakapokamatwa barabarani na mnyama anayechechemea chini ya magunia. Itakuuliza wewe mwenye hatamu.

Siku daktari atakaporuhusu, anza kwa kumtembeza bila mzigo wowote, siku kadhaa. Kisha matandiko bila mkokoteni. Kisha mkokoteni mtupu, njia fupi na kavu. Hakikisha mzigo umekaa sawa juu ya ekseli, usimlalie shingoni wala usimwinue kifuani, na mikanda isimkate ngozi. Ongeza mzigo pole pole, na asubuhi ya siku inayofuata mtembeze tena kwa kamba kama nilivyokuelekeza. Kichwa kikiinuka, mrudishe pakavu, usibishane naye. Na kama meno yameonyesha kwamba ni mtoto, basi hata mguu ukipona mkokoteni haumhusu bado.

Chama unakiogopa zaidi kuliko daktari, sivyo? Nenda kwenye mkutano ujao, useme mwenyewe kabla hawajasikia kisimani. Waambie punda ni mgonjwa, daktari amesema hivi, naomba marejesho yasogezwe mpaka wakati fulani. Atakuwepo mmoja wa kukucheka, huyo hakosekani katika chama chochote. Wengine watakuwa wanakumbuka ng'ombe wao aliyekauka maziwa na kuku wao waliokwisha kwa kideri.

Na mkokoteni usikae bure. Tafuta mwenye punda wazima wawili na mkokoteni mmoja, umkodishe wako, mgawane mapato kila jioni mpaka wako apone. Andikianeni kiasi, hata kama mmesoma darasa moja, na ukirudi jioni ukague magurudumu yeye akiwapo.